Gita Linalosikika Mbinguni

Mshonaji aliolewa na fundi bodi akijua kabisa kwamba atafua ovaroli zenye rangi za magari ya watu. Hakujua kwamba ataolewa na magita pia.

La kwanza lilikuja wakati bado wana chumba kimoja. Mumewe aliingia nalo kwapani, limefungwa kwa gazeti, akalilaza juu ya meza ya kukatia vitambaa kama mtu anayeleta mtoto aliyemwokota. Lilikuwa jekundu, limechubuka, na tumbo lake lilikuwa la mbao za vipande vipande zilizogandishwa kwa gundi kama mlango wa kabati la bei rahisi.

"Hii nini?" mkewe akauliza.

"Gita la umeme."

"Naona. Nauliza hii nini hapa mezani kwangu."

Fundi bodi akacheka. Alikuwa na kicheko cha chini chini, cha mtu aliyezoea kuzungumza katikati ya kelele. Alilipata kwa muuza vyuma chakavu, lilikuwa linasubiri kung'olewa vigingi vya kukazia nyuzi ili mbao itupwe na chuma kipimwe. Alilinunua kwa bei ya kandambili.

Likaja la pili, la tatu, na hatimaye ukuta mzima juu ya cherehani ukajaa. Yote yalikuwa ya kale, na hakuna hata moja lenye jina ambalo mtu analijua. Moja lilikuwa na shingo nene kama mpini wa jembe. Moja mgongo wake ulibandikwa plastiki ya maua kama meza ya jikoni. Moja lilikuwa na swichi saba, na nne kati ya hizo hazikufanya kitu chochote, wala mtu hakuweza kusema kama ziliwahi kufanya. Yalitoka viwanda vilivyotengeneza redio na friji, vikajaribu bahati kwenye magita, vikafilisika, vikasahaulika. Mtaani wakampa mumewe jina la Skrepa, naye akaliitikia bila kinyongo.

Mkewe alimuuliza siku moja, sindano ikiwa mdomoni, kwa nini asinunue gita moja zuri akaachana na takataka.

"Gita zuri lenye jina," Skrepa akasema, "kabla hujaligusa umeshaambiwa litalia vipi. Wameshalipiga wakubwa wote, wewe unakuja kuwaigiza. Hili hapa halina wa kumwigiza. Nalipiga mara ya kwanza, linanishangaa, na mimi nalishangaa. Tunatambulishana."

"Na hizi swichi za bure?"

"Hizo ndizo nazipenda kuliko zote. Kuna mtu alikaa mahali akasema hapa pawekwe swichi, itapendeza. Angalia na hii pembe. Alikata, akapiga msasa, akaitazama, akaridhika. Kiwanda kimekufa, na yeye pengine kafa, hakuna anayemkumbuka hata kwa ubaya. Lakini pembe ipo. Mimi naona ni haki mtu mmoja duniani aishike na kusema, bwana, nimeiona."

Mshonaji alitoa sindano mdomoni, akaitunga uzi. Tangu siku ile aliacha kuyaita takataka. Aliyaita "wake wenza", na wakati wa kufagia aliyapangusa vumbi moja moja kwa kitambaa laini.

Kipenzi cha yote lilikuwa la kijani, zito, na swichi zake kubwa kama za taa za nyumbani. Pale kichwani palipokuwa na jina lake pamebaki matundu ya misumari tu. Lilipokuja halikutoa sauti hata ya mbu, kwa hiyo alilibatiza Bubu. Alilifungua, akatoa zile sumaku zilizokaa chini ya nyuzi, akazizungushia upya waya mwembamba kama unywele, akiwa amevaa miwani ya mkewe ya kutungia sindano. Bubu akasema. Na alisema kwa namna ya ajabu, maana aliyezitengeneza zile sumaku hakuzifunika kwa nta ili zikamate nyuzi peke yake. Zilikamata kila kitu. Ukiongea karibu nazo, maneno yako yanatoka kwenye spika, mbali na membamba, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Watoto wa mtaa walipanga mstari kumwambia Bubu majina yao.

"Hili linasikia kuliko mimi," Skrepa alisema, na ilikuwa kweli.

Nyundo zilikuwa zimemla masikio. Miaka yote ya kunyoosha mabati ya magari hakuwahi kuziba hata pamba. Zilianza kupotea sauti ndogo: ndege, simu, mtoto anayeita kutoka chumbani. Kisha maneno yakaanza kumfikia nusu nusu. Gita alilisikia kwa mfupa. Alilikumbatia, akaegemeza taya kwenye ile pembe ya juu, na mlio ukapanda kwenye meno mpaka kichwani. Wanakwaya wakasema anambusu Bubu mbele ya mkewe.

Kwa maana Skrepa alikuwa mpiga gita wa kwaya. Ndiye aliyekuwa wa kwanza, tangu kanisa halijapata bati. Hakuwa mwimbaji, hakuwa mwombaji wa hadharani, hakujua kusimama mbele za watu akaeleza Mungu amemtendea nini. Yote aliyokuwa nayo aliyaweka mle ndani ya gita. Kila Jumamosi alimfuta Bubu kwa mafuta, akamvisha gunia alilomshonea mkewe, na asubuhi yake akatembea naye kwenda kanisani kama mtu anayempeleka mama yake mzazi.

Mwalimu wa kwaya alikuwa ndugu wa tumbo moja na Mshonaji, mdogo wake anayemfuata. Mtu msafi, kola imenyooka, sauti nzuri, mwepesi wa kutokwa machozi akiimba. Alipenda kwaya yake ifanane na kwaya za kwenye televisheni.

Jambo lenyewe liliharibika siku ya matangazo. Mzee wa kanisa alikuwa ameshika maikrofoni muda mrefu, anatangaza jambo alilolitangaza wiki iliyopita. Skrepa ameinama, taya kwenye pembe, mdomo karibu na zile sumaku. Kiziwi hajui kunong'ona. Kanisa zima likasikia sauti kutoka kwenye spika kubwa:

"Huyu naye, mpe maikrofoni, umempa lori limekatika breki."

Watu walicheka mpaka benchi la wazee likatikisika. Mtu pekee ambaye hakujua kwa nini watu wanacheka ni Skrepa, naye akatabasamu kwa adabu ili asionekane amenuna. Mzee wa kanisa hakucheka. Mwalimu wa kwaya alitazama viatu vyake.

Wiki ile ile Mwalimu alikuja kwa dada yake, kwenye chumba cha kushonea, mumewe akiwa gereji. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akazungusha kofia mikononi.

"Dada, shemeji yangu nampenda. Unalijua hilo."

"Sema kilichokuleta."

"Anachelewa. Kwaya iko hapa, yeye yuko nusu hatua nyuma. Hasikii. Na lile gita lake linameza kila neno linatapika kwenye spika. Mzee wa kanisa amesema tuchague, ama lile gita ama yeye mzee."

"Basi mwambie mwenyewe."

"Nimwambie kwa sauti gani? Nikinong'ona hasikii, nikipaza mtaa mzima umesikia."

Mshonaji hakucheka. Mguu wake ulikuwa juu ya kanyagio la cherehani, haukanyagi.

"Tumeliombea, kamati nzima," Mwalimu akaendelea. "Kumwondoa ni kumuua. Kwa hiyo hatumwondoi. Atakaa pale pale, na gita lake, na waya wake. Fundi mitambo atafunga sauti yake kule kwenye meza ya mitambo, basi. Lile sanduku la spika analowekea mguu ili asikie mtetemo, tutaliingizia mtetemo wa gita la besi. Mguu wake utafurahi."

"Na gita?"

"Limenunuliwa jipya. Lenye jina. Atapiga yule karani wa bima, amesomea."

Mshonaji alitazama ukutani, akatazama kitambaa cha sare za kwaya kilichokuwa mbele yake, rangi ya zambarau, mita nyingi, kazi aliyopewa na huyu huyu mdogo wake. Anamjua mumewe: ukimnyima chakula atavumilia, ukimnyima ile kona yake kanisani atakauka. Pengine kumdanganya ni kumhurumia, aliwaza. Alitaka Mungu amwambie kitu palepale. Cherehani ndiyo iliyokuwa mbele yake, akaikanyaga.

"Asijue," alisema. "Mkimwambia, nitawahesabu wauaji."

"Nani wa kumwambia? Hata akiambiwa hasikii," Mwalimu akasema, na hapo ndipo wote wawili walicheka, kidogo, kama watoto walioiba.

Basi kanisa zima likajua. Mtoto wa shule ya Jumapili alijua, bawabu alijua. Skrepa aliinama na Bubu wake, mguu kwenye sanduku, macho yamefumbwa, akapiga kwa moyo wote nyimbo ambazo hazikutoka popote. Karani wa bima alisimama nyuma ya nguzo na gita linalong'aa, akapiga zile zinazosikika. Wanakwaya wakatunga mzaha wao: gita la Skrepa ni la kiroho, linasikika mbinguni tu. Walikuwa wanatupiana mzaha huo wakiwa wamevaa sare alizoshona mkewe.

Njia ya kurudi nyumbani ndiyo iliyokuwa adhabu ya Mshonaji. Mumewe alimwinamia na sikio lile lenye unafuu.

"Nilisikika?"

Ilibidi apaze sauti, barabarani, waumini wakiwa mbele na nyuma.

"Ulisikika, baba."

"Ule mwisho, nilipopanda juu, haukupiga kelele?"

"Haukupiga. Ulitulia."

Nyuma yao mwanamke mmoja akakohoa kicheko ndani ya kanga, mwenzake akampiga kiwiko. Skrepa alitembea kifua mbele, gunia begani. Kila Jumapili alivikwa kile kilemba cha ukoka, na aliyekifunga vizuri kuliko wote alikuwa mke wake, kwa kuwa ndiye aliyeaminiwa.

Ikaenda hivyo kwa muda mrefu, mpaka dhambi ikawa desturi na watu wakasahau kwamba ni dhambi. Mshonaji mwenyewe alifika mahali akajibu "ulisikika" huku anawaza vifungo na zipu.

Jumapili moja, katikati ya wimbo, alimwona mumewe anasimamisha mkono. Uzi mmoja ulikuwa umekatika ukamchapa kidole, akakitia mdomoni. Mguu wake ulibaki juu ya sanduku. Alikaa vile, kidole mdomoni, mkono mwingine umeshika shingo ya Bubu bila kufanya kitu, na kwaya ikaendelea bila kupungukiwa na chochote. Akatazama mguu wake, ambao sanduku bado lilikuwa linautikisa. Akainua macho akamtazama fundi mitambo, akamtazama shemeji yake, akamtazama karani wa bima nyuma ya nguzo, vidole vyake vinavyokimbia. Mwisho akatazama benchi la tatu, alipokaa mkewe. Mshonaji akafungua kitabu cha nyimbo, ukurasa wowote.

Alipopeleleza kwa jicho la pembeni, mumewe alikuwa anapiga tena. Akasema moyoni, Mungu mkubwa, hakugundua.

Siku ile njiani hakuuliza kama alisikika.

Jumapili iliyofuata alikwenda kama kawaida, gunia begani, shati alilopigiwa pasi. Aliinama kupita kawaida, kichwa kimezama juu ya gita, sare pana ya zambarau ikiwa imelifunika nusu, mkono wa kulia unapanda na kushuka. Mdomo wake ulikuwa unacheza. Mshonaji alidhani anaimba, akafurahi kwamba amechangamka.

Mlangoni watu walipanga mstari kupeana mikono. Mwalimu wa kwaya alimshika shemeji yake mabega yote mawili, akapaza sauti ili kila mtu aone upendo.

"Shemeji, leo umetubariki. Leo ulikuwa na upako."

"Kweli?"

"Vidole vyako vina mafuta, mzee wangu."

"Amina," Skrepa akasema.

Fundi mitambo naye akamkonyeza mtu nyuma yake, akasema, "Leo ulinichomea spika, mzee."

Walipofika nyumbani Skrepa hakubadili nguo. Aliingia chumba cha kushonea, akamsubiri mkewe avue viatu, akauliza.

"Nilisikika?"

"Ulisikika. Leo hata kuliko siku zote."

Akafungua gunia. Akamlaza Bubu juu ya meza ya kukatia, juu ya sare mpya ambazo hazijapindwa. Gita lilikuwa tupu. Hakuna uzi hata mmoja. Shingo uchi, zile sumaku zimekodoa kama macho ya samaki.

Mshonaji aliketi kwenye kiti cha wateja kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

"Nilizitoa jana," mumewe akasema. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. "Nilikuwa na neno nasema kwenye zile sumaku. Wimbo wa kwanza nilisema: mke wangu, ukinisikia, inua mkono. Wa pili nikasema tena. Wa tatu nikasema: sitakasirika, inua tu mkono. Ulikuwa unanyoosha kola ya mtoto wa jirani."

"Baba watoto."

"Nasikia vibaya, siyo kwamba sioni."

"Tulikuwa tunakuhifadhi."

"Mnanihifadhi. Kwani mimi unga?"

Alimkaribia, akamwekea mkono kichwani, kama mtu anayempapasa mtoto mgonjwa.

"Wangeniambia ndugu zako, kaa kando, umezeeka, ningelia wiki moja nikapona. Ningekaa benchi moja na wewe. Sasa nimekaa pale mbele na kumwimbia Mungu, watu wananitazama kama nyani wa maonyesho. Na nikitoka pale nakuuliza wewe."

Mshonaji alitaka kusema kwamba Mungu alisikia, kwamba Mungu hana haja ya spika, na ni kweli, hana. Lakini huo ulikuwa mzaha wa wanakwaya, walikuwa wameshauchafua.

Kesho yake Skrepa alikodi mkokoteni. Yale magita mengine yote alimrudishia muuza vyuma chakavu, la plastiki ya maua, la swichi saba, lile jekundu la kwanza. Yakang'olewa vigingi, mbao zikatupwa. Ukutani pakabaki madoa meupe yenye maumbo yao, na Bubu peke yake bila nyuzi. Kanisani aliendelea kwenda, alikaa benchi la mwisho na mikono juu ya magoti. Hakumsema mtu. Mwalimu wa kwaya alisema ni unyenyekevu, shemeji amestaafu kwa heshima. Mshonaji hakumwambia ndugu yake kilichotokea. Aliona aibu ni yake, akaifungia ndani.

Mvua zilipokwisha, kule gereji, lori lilirudi nyuma wakati Skrepa amechuchumaa anapiga msasa mlango wa gari. Dereva alipiga honi. Wenzake walipiga kelele, kila mtu, wote kwa pamoja. Walisema kwamba mpaka mwisho alikuwa ametulia, kama mtu aliye peke yake mahali pazuri. Mungu amlaze anapostahili.

Msibani Mwalimu wa kwaya alilia kweli, machozi hadi kwenye kola. Alisimama kando ya jeneza akasema, "Gita lake bado linalia masikioni mwetu." Umati ukasema amina, wakiwemo wale wa kicheko cha ndani ya kanga. Fundi mitambo alikuwa ameweka maikrofoni nzuri, kila neno lilisikika.

Baada ya matanga Mwalimu alikuja kumwomba dada yake Bubu, liwekwe kanisani kwa kumbukumbu. Mshonaji alilishusha ukutani, akampa bila gunia.

"Mbona halina nyuzi?"

"Siku ile uliyomwambia vidole vyake vina mafuta, mlangoni, umemshika mabega."

"Eeh, nakumbuka."

"Halikuwa na nyuzi."

Mwalimu alilishika gita muda, akilitazama. Kisha akalibadilisha mkono.

"Nitamwambia fundi mitambo anunue nyuzi mpya," akasema. "Watu wasije wakauliza maswali. Na wewe, dada, haya tuyaache hapa hapa. Yeye amepumzika."

Walilitundika karibu na madhabahu, limepigwa vanishi, nyuzi mpya, utepe wa zambarau shingoni. Hata waya walilichomekea, lipendeze, mwisho wake umening'inia tu nyuma ya pazia.

Jumapili ya kwanza Mshonaji alikaa benchi la tatu. Kwaya iliimba, karani wa bima alipiga vizuri, haiwezi kukataliwa. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Kwenye wa tatu, macho kwenye lile gita la kijani, alinyoosha mkono wa kulia juu, wote, mpaka mkono wa gauni ukateremka kwenye kiwiko, na hakuushusha wimbo ulipokwisha.

Mchungaji alimwona, akatabasamu kutoka mimbarani.

"Tazameni mama yetu mfiwa," akasema. "Roho amemgusa. Hebu na tuinue mikono pamoja naye."

Kanisa zima likainua.